Zero kilomita yenye kilomita 412: nyota 2 kati ya 5

Naandika hii kabla hasira haijapoa maana nikipoa ntaanza kuwaonea huruma. Miaka yote nimeendesha mitumba ya Japani, hii ndo mara yangu ya kwanza kununua gari jipya kabisa, zero kilomita, shoorumu moja hapa hapa Dar, jina siliweki. Bei milioni 84. Nikatanguliza 30 mwezi wa nne, wakaniambia gari iko njiani, wiki 3 tu madam. Wiki 3 zikazaa miezi miwili na nusu, mara meli imechelewa, mara iko bandarini, mara tunasubiri TRA, na yule kaka wa mauzo aliyekuwa ananitumia "umeamkaje madam" kila asubuhi kabla sijalipa sasa meseji anaisoma anauchuna.

Siku ya kukabidhiwa nikaenda na fundi wangu wa Gerezani. Tunakuta gari la kijivu linang'aa, limefungwa riboni nyekundu kama zawadi ya send-off, mpiga picha kashajipanga, dada ameshika karatasi na peni, "saini hapa madam halafu tupige picha". Fundi akaninong'oneza dada usisaini, tuliwashe kwanza. Kusema kweli niliona aibu, wenzetu suti, sisi ovaroli lina oili, ila nikamwacha afanye kazi yake.

Kuwasha, tik tik tik. Betri haina kitu. Kijana akaja mbio na waya akalibusti na gari la jirani, likawaka, naangalia dashibodi inasoma kilomita 412. Sasa najua gari jipya halisomi sifuri kabisa, linashushwa melini, linaendeshwa mpaka yadi, ukikuta 20 au 50 huna kesi. Lakini 412 hiyo ni Moro kwenda na kurudi na mishkaki umekula! Kuuliza, naambiwa "hizo za majaribio tu madam". Haya, nikaingia kwenye blututhi ya redio nikakuta simu 3 za watu zimeshaungwa, moja Tecno. Na taa ya mafuta inawaka, wameshindwa hata kumwaga lita 10.

Wakati huo fundi kachuchumaa kwenye tairi. Hapa ndo nilijifunza kitu, ubavuni mwa tairi kwenye maandishi ya DOT mwishoni kuna namba 4, mbili za kwanza ni wiki ilipotengenezwa na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi tatu zinasoma 1123, yaani wiki ya 11 mwaka 2023. Ya mbele kushoto inasoma 4024. Fundi kanyamaza, kafungua boneti, akaniita nione bolti za fenda (lile bati la juu ya tairi) ya upande huo huo, vichwa vimechubuka rangi, spana ilishapita pale, upande wa pili bolti ziko safi kabisa. Kwenye raba ya mlango kuna vumbi vumbi la rangi lilirukia wakati wa kupuliza. Akasema dada hili lilishapigwa kona ya kushoto likanyooshwa. Kijitabu cha waranti nacho kimegongwa muhuri wa mwezi wa kwanza, yaani waranti yangu ilishaanza kuliwa kabla hata sijatoa hela.

Meneja alipokuja, ebo, akaanza kuongea na fundi! "Mzee wangu hebu mweleweshe mama". Mama ndo kalipa. Ofa yake ya kwanza ilikuwa mati za chini na kofia mbili. Kofia! Nikasema nataka gari lingine au hela yangu, sikusaini, nikaondoka na bodaboda.

Siku sita kimya, simu hazipokelewi. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, nikaambatanisha picha za tairi, bolti na dashibodi, chini nikaweka "nakala: Tume ya Ushindani, FCC", nikaipeleka mwenyewe kaunta wakaigonga muhuri wa kupokea. Kesho yake saa 2 asubuhi simu inaita, sauti tamu kama asali. Wakakubali kwamba lilikuwa la kujaribishia wateja na "liliguswa kidogo" pale yadi. La kijivu lingine hawana, nikapewa jeupe, na mimi nakaa Goba mnajua vumbi letu, ila lina kilomita 38, tairi zote nne wiki moja, betri fundi kapima volti 12.6, waranti imeanza siku niliyolichukua. Hilo nikasaini, jioni, baada ya saa nzima ya ukaguzi.

Gari lenyewe zuri, siwezi kudanganya, AC inagandisha na mlima wa kwangu linapanda bila kulalamika. Nyota moja ya gari. Ya pili ni ya yule dada wa kaunta aliyenong'ona wakati anagonga muhuri, "umefanya vizuri kuandika". Wa mauzo hapati hata nusu.

Na lile la kijivu na riboni yake lipo Insta mpaka leo, walilipost asubuhi ile ile kabla hata sijashika peni, "hongera sana mteja wetu", na mimi nyuma kule nimenuna. Nimewaomba walifute mara tatu.