Treni ya Mzunguko ya Berlin: Tiketi Moja, Vijiwe Chungu Nzima

Mgeni wa Berlin hupewa ratiba ile ile: Lango la Brandenburg, kipande cha Ukuta uliowahi kuigawa Berlin Mashariki na Magharibi, mnara wa televisheni pale Alexanderplatz, picha, kisha hotelini. Sina ugomvi nayo. Ila ukitaka kuuona mji siku ambayo hauna haraka, kapande Ringbahn, treni inayouzunguka katikati ya jiji kwa kilomita 37 na kurudi ilipoanzia baada ya saa moja. Dada yangu anayeishi Wedding, mtaa wa kaskazini mwa jiji, ndiye aliyenifundisha kuitumia: unashuka kituo usichokijua, unatafuta pa kubarizi, ukichoka unaendelea na inayofuata. Hakuna haraka.

Treni ya S41 huzunguka kufuata mishale ya saa, S42 kinyume chake, vituo 27. Duara hili lilikatwa Ukuta ulipojengwa mwaka 1961, na ingawa Ukuta ulianguka 1989, reli haikukamilika tena hadi 2002. Leo unapita kutoka iliyokuwa Magharibi kuingia iliyokuwa Mashariki bila hata kujua, labda uwe unaangalia ramani.

Kuhusu tiketi, nisikilizeni. Vituo havina mageti, mtu anaingia kama anaingia sokoni. Hiyo isikudanganye: wakaguzi wapo, wengi wamevaa nguo za kawaida, na faini ni euro 60. Tiketi ya safari moja hudumu saa mbili lakini hairuhusu kurudi wala kuzunguka, kwa hiyo kwa matembezi haya haifai. Chukua ya saa 24 ya kanda za nauli A na B, inayozidi euro 10, na kama ni ya karatasi uigonge muhuri kwenye kile kimashine cha pale jukwaani kabla hujapanda.

Mimi ni mtu wa Songea, basi msinishangae nikianzia Wedding. Ukishuka hapo unachukua U6, treni ya chini ya ardhi, vituo vichache tu, unatokea Afrikanische Straße. Ni mtaa mtulivu wa magorofa ya makazi, miti mingi, wazee na mbwa wao. Halafu unainua macho kwenye vibao: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Majina ya kwetu yaliwekwa wakati Wajerumani wanajivunia makoloni, na mengine yalikuwa ya wakoloni wenyewe. Petersallee ilipewa jina la Carl Peters, yule yule aliyeitwa Mkono wa Damu. Mwaka 1986 manispaa ikasema jina hilo sasa ni la Peters mwingine, Hans, aliyewapinga Wanazi. Ujanja wa makaratasi, ukiniuliza mimi. Wanaharakati hawakunyamaza, na Agosti 2024 barabara ikabadilishwa jina: upande mmoja ni Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959, na upande mwingine ni Maji-Maji-Allee.

Kwetu kila tarehe 27 Februari tunawakumbuka mashujaa wa Vita vya Maji Maji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kusimama Berlin chini ya kibao chenye jina la vita vyao, huku kijana akipita na baiskeli na mkate kwapani, ni jambo ambalo basi la watalii halikupi. Baada ya hapo ingia Volkspark Rehberge, bustani iliyo jirani, ukae kwenye nyasi. Hakuna atakayekuuliza unafanya nini.

Mbele kidogo, ukishukia Gesundbrunnen au Schönhauser Allee, unatembea hadi bustani ya Mauerpark. Jumapili kuna gulio la vitu vya mitumba na, kukiwa na joto, watu huimba karaoke mbele ya umati. Wengine hawajui kuimba kabisa na wanashangiliwa vile vile. Ni pazuri, lakini pamejaa wageni. Saa moja inatosha.

Utamu uko kusini. Shuka Sonnenallee au Neukölln upite kwenye mikate ya Waarabu na vinyozi wa Kituruki, kisha utafute Späti. Hilo ndilo duka la Mangi la Berlin: soda, bia, sigara, chipsi, na benchi nje. Jumapili maduka makubwa yamefungwa, benchi hilo ndilo linalokuwa mtaa wenyewe. Mimi huchukua Club-Mate, kinywaji chenye uchungu na kafeini ambacho wenyeji wanakipenda kupita kiasi. Sijakizoea, nakunywa tu. Chupa ya bia ina amana ya senti 8, ya plastiki na kopo senti 25, na adabu ya hapa ni kuiacha kando ya pipa, si ndani, ili anayeokota chupa asilazimike kuchakura taka.

Karibu na Hermannplatz kuna Lucy-Lameck-Straße. Ndiyo, Lucy Lameck wetu wa Kilimanjaro, miongoni mwa wanawake wa kwanza kuingia bungeni Tanganyika. Hadi 2021 mtaa huo ulibeba jina la Wissmann, afisa wa Kijerumani aliyetumwa kuizima vita ya Abushiri kule pwani. Mtaa mfupi, lakini upite.

Kisha Tempelhof. Huu ulikuwa uwanja wa ndege hadi 2008; mwaka 1948 na 1949 ndege zilitua hapa na chakula cha Berlin Magharibi iliyozingirwa. Mwaka 2010 ukafunguliwa kuwa bustani, zaidi ya hekta 300, na serikali ya jiji ilipotaka kujenga nyumba pembeni, wananchi wakapiga kura mwaka 2014 wakakataa. Njia za kurukia ndege zipo vile vile, na juu yake watu wanapita na baiskeli, viatu vya magurudumu, tiara, watoto wachanga kwenye vigari. Kivuli hakuna, upepo upo, kwa hiyo beba kofia na koti siku hiyo hiyo moja. Mageti hufungwa jua likizama.

Upande wa magharibi, kuanzia Westkreuz kuzunguka hadi Westhafen, ni barabara kuu na maghala. Hapo pumzisha miguu tu.

Ringbahn naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu wikendi, siku unayoihitaji zaidi, ndiyo mara nyingi wanayokarabati reli, na kipande cha duara kinahamishiwa kwenye mabasi. Angalia programu ya usafiri kabla hujatoka, na kama upande wako umefungwa, panda treni ya upande wa pili.