Uzoefu wangu na Celeste: pikseli chache ila mkono unafurahi

Celeste ni gemu ya kupanda mlima, na nywele za Madeline, yule dada unayemchezesha, zinabadilika rangi, na kwangu mimi hiyo ndo sababu ya kwanza ya kuipa hii gemu tano kwa tano. Zikiwa nyekundu bado unaweza kuchomoka hewani, yaani kujirusha kwa kasi ukiwa juu, zikigeuka bluu ushatumia nafasi hiyo, tafuta pa kutua. Basi. Hakuna mita wala namba pembeni ya skrini, macho yako tayari yako kwa huyu dada kwa hiyo habari unaipata hapohapo, na ukining'inia ukutani muda mrefu anaanza kuwakawaka wekundu unajua nguvu zinaisha sasa naporomoka. Grafiksi ya namna hiyo imeajiriwa bana, inafanya kazi.

Nayasema haya kwa sababu kabla yake nilikuwa nahangaika na gemu moja kubwa, jina naliacha, picha utadhani sinema, jasho usoni unaliona kabisa, lakini ukibonyeza kuruka jamaa anamalizia kwanza kugeuza bega na kupanga miguu ndo aruke. Afu mazingira yana majani na mawe mengi mpaka hujui ukuta upi unapandika, wakaona wapake rangi ya njano kila pa kushika, yaani wamejaza vitu hadi njia imepotea kisha wakarudi kuichorea alama. Ukienda kwenye mipangilio unaambiwa uchague, picha kali kwa fremu 30 (yaani picha 30 mpya kwenye skrini) kwa sekunde au wepesi kwa fremu 60. Kwa 30 kila fremu inakula kama milisekunde 33, kwa 60 ni 16 na ushee, na humo ndani vivuli, mwanga, majani, maadui, kila kitu kinagombea muda huohuo. Mi nachukua 60 siku zote. Kivuli kibovu hakijawahi kuniua, kitufe kuchelewa ndo kunaniua.

Sasa Celeste ilitoka Januari 2018 na dunia yake imechorwa kwa pikseli, yaani vile vidoa vya picha, 320 kwa 180 tu, ukizidisha mara 6 inaingia sawasawa kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 ndo maana kingo zinabaki kali. Ilianza kama kigemu cha PICO-8, programu ya kutengenezea vigemu vidogo vya mtindo wa zamani, ambacho Maddy Thorson na Noel Berry walikitengeneza kwa siku 4, kwa hiyo kuruka, kupanda na kuchomoka vilishakuwa vitamu kabla mlima haujapata urembo wake wote, na ukicheza unalisikia hilo kwenye vidole. Kuna huruma nyingi imefichwa humo: umepitiliza ukingo kidogo, bado unakubaliwa kuruka kwa fremu chache, umebonyeza mapema kabla hujagusa chini, gemu inakumbuka, umegonga kichwa kwenye kona, inakusogeza pembeni upite. Hata miiba haina roho mbaya kama inavyoonekana, ukipita ukielekea upande ilikochongoka haikuui. Picha inakutisha, sheria inakubeba, na mchezaji anaondoka anajiona fundi!

Ukifa unarudi papo hapo mwanzo wa chumba kilekile, hakuna kusubiri kulodi, kwa hiyo hasira haipati hata nafasi ya kukaa.

Kinachonipunguzia raha ni chapta ya nne, ule upepo na theluji inayopita mbele ya macho, ni nzuri kutazama ila kwangu hapo urembo umezidi kidogo, njia inakuwa ngumu kusomeka. Wengine wanaipenda sana, sawa. Na sisemi grafiksi kubwa ni dhambi, mwaka huo huo 2018 Celeste iligombea gemu ya mwaka kwenye tuzo za The Game Awards pamoja na gemu kubwa kama God of War na Red Dead Redemption 2, God of War ikabeba, Celeste ikachukua ya gemu huru bora, yaani za watengenezaji wadogo wanaojitegemea. Ila kukaa meza moja na majitu yale kwa pikseli zile, heshima.

Kama ugumu unakutia hofu kuna Assist Mode, unaweza kushusha mwendo wa gemu hadi nusu, ukajipa nguvu zisizoisha au hata usife kabisa, na hakuna anayekucheka. Tafuta pedi yenye vitufe vizuri vya mishale, kwenye kibodi inachezeka ila vidole vinagongana ukianza zile B-Side, yaani matoleo magumu zaidi ya chapta.