Redio ya VLF ya kujiundia: nunua, lakini usiamini kijikaratasi chake

Seti huja vipande vipande: bodi ndogo, transista ya FET (ya kukuza ishara dhaifu), resista ya megaohmu 10 kwenye mlango wa antena, kishikio cha betri ya volti 9 na antena ya kuvuta ya mita 1.5. Aliyezoea kulehemu huimaliza jioni moja. Redio yenyewe ni nzuri sana. Kibaya ni kijikaratasi kinachomwahidi mnunuzi wa Mombasa kwamba atasikia sauti zinazozaliwa angani na mawimbi ya VLF, yaani mawimbi ya redio ya masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya chini sana. Hapa hazishuki.

Mawimbi hayo hupanda yakifuata mistari ya sumaku ya Dunia. Maelfu ya kilomita juu, ndani ya plazima (gesi yenye chembe za umeme), hukutana na elektroni zinazokuja upande wa pili huku zikizunguka mstari huohuo. Mzunguko wao ukioana na masafa ya wimbi, elektroni hujipanga na kulipa wimbi nguvu zao. Wimbi hukua, pengine kwa desibeli 30 (nguvu mara elfu), kisha huzaa mlio mpya unaopanda au kushuka. Lazima wimbi lidumu kidogo: mwaka 1964 Robert Helliwell wa Stanford na wenzake walionyesha kuwa vistari vya Morse (ishara ndefu) vya milisekunde 150 vilizaa milio, lakini nukta (ishara fupi) za milisekunde 50 zilizaa kwa nadra. Baadaye kituo cha Siple, Antaktika, kilirusha mawimbi yake hadi 1988, na milio ikapokewa Roberval, Kanada, ncha ya pili ya mstari uleule wa sumaku. Mombasa iko karibu na ikweta ya sumaku. Mistari yake hupinda na kurudi ardhini kabla ya kufika huko juu.

Utakachosikia ni mikwaruzo ya radi za mbali, na usiku milio mifupi inayoteremka hadi 1.7 kHz hivi, kwa sababu wimbi limebanwa kati ya ardhi na ionosfea, tabaka la hewa lenye chembe za umeme, kilomita 85 hadi 90 juu. Hiyo peke yake inatosha kuinunua.

Mji wa Kale usijaribu: umeme wa 50 Hz na mavumo yake hufunika kila kitu. Nenda ufuoni maji yakikupwa, mbali na nyaya na minazi, uchomeke waya wa ethi kwenye mchanga wenye unyevu. Chumvi ndiyo adui mkubwa. Utando wake kwenye shina la antena huvujisha umeme kando ya ile resista ya megaohmu 10, na sauti za chini ndizo zinazokufa kwanza, ukabaki na mikwaruzo mitupu. Futa kwa spiriti, kausha, kisha paka silikoni.

Rekodi kwa WAV ya 48 kHz, na uzime urekebishaji wa sauti wa simu. Kwenye spektrogramu (picha ya masafa ya sauti kadiri muda unavyopita) tafuta mstari wa 19.8 kHz: ni mtambo wa kurusha mawimbi wa NWC, Australia, ambao setilaiti ya Ufaransa DEMETER ilipima elektroni zilizotikiswa na mawimbi yake. Usihifadhi kwa MP3. Hukata sauti za juu, na mstari huo mara nyingi hupotea.