Uzoefu wangu na seti ya wanyama: njia ya kuanzia shogi

Kama unacheza chesi na umekuwa ukitamani kuijua shogi, mchezo wa Wajapani unaofanana na chesi, ushauri wangu ni huu: usianze na ubao mkubwa. Anza na Dobutsu Shogi, ile seti ndogo ya wanyama. Binamu yangu anayesoma Japani aliniletea, na ndiyo iliyonifanya niupende mchezo huu.

Ubao una miraba 12 tu, mitatu kwa minne. Kila mtu ana kete nne: simba, twiga, tembo na kifaranga. Kwenye kila kete kuna vidoti vinavyoonyesha inakoruhusiwa kwenda, kwa hiyo hata mtoto hahitaji kukariri kitu. Kifaranga akifika mstari wa mwisho anageuzwa na kuwa kuku mzima. Unashinda ukimkamata simba wa mwenzako, au simba wako akivuka hadi mstari wa mwisho wa upande wa pili bila kuwa hatarini. Aliyeubuni ni Madoka Kitao, mwanamke anayecheza shogi kama kazi, na michoro ni ya Maiko Fujita.

Utamu wote uko kwenye kula. Kete unayokula haitoki mchezoni. Inakuwa yako, na zamu yako ikifika unaweza kuirudisha kwenye mraba wowote ulio wazi. Anayecheza bao ataelewa papo hapo, maana kete alizoteka huzipanda upande wake. Mtu wa chesi itabidi ajifunze upya: kubadilishana kete huku ni kumkabidhi mwenzako silaha.

Juzi mpwa wangu wa darasa la nne alinifundisha hilo vizuri sana. Simba wangu alikuwa kwenye kona. Akachukua kifaranga alichokuwa amenila mwanzoni, akakiweka mbele ya simba. Nikikila, tembo wake yuko kimshazari anangoja. Ubavuni nimezibwa na twiga wangu mwenyewe, na mraba wa mshazari unalindwa na twiga wake. Kifaranga kimoja, mchezo umekwisha! Ila jueni mapema kwamba kwenye shogi kamili pigo hilo ni marufuku: huruhusiwi kumaliza mchezo kwa kumrudisha ubaoni askari wa kawaida, ambaye ndiye kifaranga wa huku. Mtoto aliyezoea wanyama aambiwe hilo kabla hajahamia ubao mkubwa.

Na kuhama utahama tu. Seti hii haina kete za kwenda mbali, na michezo yake ni mifupi. Shogi kamili ina miraba 81 na kete 20 kila upande, zote rangi moja. Kete ni ya nani unajua kwa kutazama ncha yake imeelekea wapi. Zimeandikwa kwa herufi za Kijapani, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mimi nilivuka kwa msaada wa Lishogi, tovuti ya bure isiyo na matangazo, ambako unaweza kuchagua kete zenye picha badala ya herufi. Ina mafumbo ya kumfunga mfalme, na hayo ndiyo yaliyonisaidia kuliko kitu kingine chochote. Pia unaweza kucheza kwa kupunguziwa: aliyekuzidi anaanza bila baadhi ya kete zake kubwa. Huo ni utaratibu wa zamani na wa heshima huko Japani, kwa hiyo usione haya kuuomba.

Sasa niko kwenye ngome, yaani namna ya kupanga kete ili zimlinde mfalme, kitu ambacho seti ya wanyama haiwezi kukufundisha. Nimechagua Mino: hisha, kete inayokwenda moja kwa moja kama ile kete ya chesi iitwayo ngome (rook), naipeleka kushoto, kisha mfalme anahamia kulia na kujificha nyuma ya kete tatu za ulinzi: fedha moja na dhahabu mbili, kama zinavyoitwa. Inajengwa haraka, na inahimili mashambulizi ya ubavuni vizuri kuliko nilivyotarajia.