Gia Tisa Zinatosha Mlimani? Shimano CUES U4000 Kwenye Vumbi la Arusha

Wadau wa baiskeli, karibuni tena. Leo mezani nina seti ya gia za baiskeli, Shimano CUES U4000. Hii hapa shifta ya mkono wa kulia, yaani ya kubadilishia gia, hii direla ya nyuma, yaani hiki kidude kinachohamisha mnyororo, na hii kaseti ya gia 9, yaani rundo la spoketi za nyuma. Mbele nina spoketi moja tu, meno 32. Nimeifunga kwenye fremu ya mtumba ya alumini, magurudumu inchi 29, na nimeiendesha huku Ngaramtoni kupanda hadi msitu wa Olmotonyi, kiangazi na masika. Kwa hiyo sikusomei maneno ya kwenye boksi.

Nianze na hukumu, wenye haraka waende zao. Kama unapanda milima kwa kujifurahisha, wikiendi na wenzako, na baiskeli yako inatengenezwa na fundi wa mtaani, chukua hizi 9 uachane na zile 12 ambazo kila mtu anazililia. Yapo yaliyonikera, nitayasema.

Swali ninaloulizwa sana: "Kaka, mimi nina gia 24, nishuke hadi 9 kwa sababu gani?" Haya, tupige hesabu. Baiskeli nyingi za mitumba mbele zina spoketi tatu, 42, 32 na 22, nyuma kaseti ya meno 11 hadi 32. Gia yako nyepesi kabisa ni 22 gawanya kwa 32, unapata 0.69. Kaseti hii ya CUES, spoketi yake kubwa kabisa ina meno 46, na mbele nina 32. 32 gawanya kwa 46 ni 0.70. Umeona? Kilima unachopanda na gia 24 unakipanda na 9. Nyingi kati ya zile 24 zinarudiana tu. Unachopoteza ni kasi ya juu: kwenye lami ya mteremko, ukifika kama kilomita 36 kwa saa, miguu inaanza kuzunguka kama feni. Kwa anayekwenda porini hilo si tatizo. Kwa anayekimbizana na daladala barabara ya Moshi, ni tatizo.

Sasa sogeza macho hapa, nisogeze na kamera. Angalia jino la kaseti hii, halafu angalia la kaseti ya zamani. Hili la CUES ni nene zaidi hapa chini kwenye shina. Mfumo huu Shimano wanauita LinkGlide, na wao wenyewe wanadai unadumu hadi mara tatu ya ule wa zamani, HyperGlide. Mara tatu siwezi kuwathibitishia. Ninachokiona ni kwamba vumbi letu la Meru ni majivu ya volkano, linasaga chuma bila huruma, na meno haya bado yana umbo lake. Halafu raha yenyewe ni kubadili gia ukiwa katikati ya kilima, unakanyaga kwa nguvu zote. Haipigi "ka!" ile ya kukutoa roho. Inahama taratibu, pengine taratibu mno kwa wanaopenda mashindano, lakini inahama.

Ila meno manene hayatakuokoa kama mnyororo umekwisha. Mnyororo ukichakaa unarefuka, na ukirefuka unakula kaseti. Kuupima huhitaji kifaa cha bei. Chukua rula ya inchi, iwe ya chuma. Weka sifuri katikati ya pini moja, vuta mnyororo ukaze, kisha soma kwenye inchi ya 12. Mnyororo mpya, pini inakaa juu ya 12 kamili. Ikipita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, nunua mnyororo. Ikifika moja ya nane, nunua na kaseti, hapo umeshachelewa. Na tafadhali, ile oili chafu ya gari mnayopakwa gereji, hapana! Imebeba unga wa chuma tayari. Osha mnyororo kwa mafuta ya taa, ukauke, tone moja moja la mafuta ya mnyororo kwenye kila kiungo, halafu ufute kwa kitambaa mpaka kwa nje uonekane mkavu. Mafuta yanatakiwa ndani. Ya nje yanakamata vumbi tu.

Niliyoahidi sasa. La kwanza, direla hii haina klachi, yaani kile kinachoikaza direla ili mnyororo usirukeruke. Kwenye mteremko wa mawe mnyororo unapigapiga fremu, kelele tupu. Spoketi ya mbele yenye jino nene na jembamba kwa kupokezana ndiyo inayouzuia usitoke, kwa hiyo usijaribu kubana matumizi kwa kuweka spoketi ya kawaida. Washindani wao wa Taiwan, microSHIFT, seti yao ya Advent nayo ni ya gia 9 na ina klachi, tena ya kuwasha na kuzima. Kama njia zako ni mawe matupu, nakushauri kabisa uitazame hiyo kwanza.

La pili ni vipuri, na hapa watu wataumia. CUES haichanganyiki na Altus wala Alivio ya zamani, ambazo nazo ni seti za Shimano. Shifta ya huku na direla ya kule, gia hazitakaa hata fundi akeshe. Na mnyororo, sikilizeni vizuri: kaseti ni ya gia 9 lakini mnyororo wake ni wa gia 11. Ukienda dukani ukasema "nipe mnyororo wa gia 9", utapewa mpana, utasugua spoketi ya jirani. Mwandikie fundi kwenye karatasi.

Kizuri ni kwamba kaseti hii inaingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu la nyuma) ya kawaida ya Shimano, ile ya gia 8 na 9. Seti ya Shimano Deore ya gia 12, ile yenye kaseti ya meno 10 hadi 51, inataka habu ya aina nyingine, Micro Spline, na hapo ndipo pesa inapokimbilia: hujanunua gia tu, umenunua na gurudumu. Lakini kama mtumba wako una gia 7 nyuma, au frihwili, yaani rundo la spoketi linalofungwa kwa kuzungushwa kwenye habu, hii haitaingia. Hakikisha kabla hujatoa hela.

Kabla ya kufunga, kagua sikio la fremu, hapa direla inaposhikiliwa. Baiskeli ikisafirishwa kwenye buti la basi mara nyingi linapinda, na gia zitagoma mkalaumu direla ya watu. Simama nyuma ya baiskeli: direla na gurudumu vinatakiwa viwe sambamba. Skrubu za H na L, zile za kuzuia direla isipitilize pande zote mbili, na mvutano wa waya vinakuja baada ya hapo.

Kama huna uhakika na habu yako, ipige picha kwa upande wa gia, kaseti ikiwa imetolewa, uweke hapo chini na idadi ya gia ulizonazo sasa. Nitapitia moja moja.