Rangi ya ndani ya nyumba mpya Tanga: ipi ununue na ipi uiache dukani

Meseji zimekuwa nyingi, na karibu zote zinasema jambo lilelile: tumehamia nyumba mpya Kange, au Pongwe, au Mwakidila, nyumba nzuri tu, lakini mtoto anakohoa, macho yanawasha, mi mwenyewe nikiamka kichwa kinauma nikienda kazini kinaacha. Wengi wanadhani ni vumbi la ujenzi, mwingine kaambiwa ni upepo wa bahari, wakati upepo huo tumeuvuta tangu tumezaliwa. Ukiwauliza mlipaka nini ndani wanakutajia krimu, kijivu, maziwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ile rangi inapunguzwa na nini.

Hicho ndo kitu nataka ukiangalie kabla ya vyote. Habari za ipi inafunika kwa mikono miwili na ipi inang'aa sitaziandika, fundi wako anazijua. We ukifika hadwea geuza ndoo usome maandishi madogo ya mgongoni. Ikisema inapunguzwa na maji, endelea kuongea bei. Ikisema thinner au tapentaini, hiyo ndo rangi ya mafuta, si ya ukuta wa chumba anacholala mtu, irudishe kwenye shelfu.

Kwa nini nang'ang'ania hapo? Rangi ya mafuta inakauka mara mbili. Kwanza thinner inapaa, na hapo ndo kile kizunguzungu cha siku za mwanzo kinapotoka. Halafu mafuta yaliyobaki ukutani yanavuta oksijeni ili yagande, kazi hiyo inachukua wiki kadhaa, na wakati inaendelea ukuta unatoa mvuke mwingine wenye harufu ya mafuta yaliyochacha, ukishika unaona pakavu lakini pua inakwambia bado. Makopo yanayotoka Ulaya huwa yameandikwa VOC, yaani kemikali zinazopaa hewani, kwa gramu, maana sheria yao tangu 2010 inataka rangi ya maji isiyong'aa ya ukuta wa ndani isizidi gramu 30 kwa lita, wakati rangi ya mafuta ya milango na madirisha imeruhusiwa mpaka 300. Mara kumi hiyo! Na sisi tunaipaka kwenye korido nzima, kimo cha kiuno, ati mtoto akichafua tufute.

Ile dado ya mafuta, huo ukanda wa chini ya ukuta, ndo adui yangu mkubwa. Plasta ya saruji ikiwa mbichi ni kali kama magadi, ikikutana na mafuta ya rangi inayageuza sabuni, kweli kabisa. Nenda nyumba yoyote iliyopakwa haraka ukabonyeze dado karibu na sakafu, utakuta malengelenge, ukilipasua moja kidole kinanata na nyuma yake plasta imelowa. Kwa unyevu wetu wa masika maji yamefungiwa humo hayana pa kutokea, yanatafuta njia upande wa chumbani, unaota ukungu mweusi nyuma ya kabati, na sasa unavuta vitu viwili badala ya kimoja. Ukichanganya na mchanga wenye chumvi uliochotwa karibu na bahari ndo usiseme.

Na bado kuna risasi, yaani madini ya risasi (lead) yanayowekwa kwenye rangi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na Umoja wa Mataifa unapendekeza rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Inapopatikana mara nyingi ni kwenye rangi za mafuta, hasa njano, nyekundu na rangi ya chungwa, yaani zilezile tunazopaka mageti na grili za madirisha ambazo watoto wanazishika halafu wanaweka vidole mdomoni. Dukani uliza kama ina risasi, asiyejua akuoneshe kilichoandikwa kwenye kopo, kama hakuna kitu nenda duka lingine.

Sasa tupange.

Namba moja kwangu ni Crown silk vinyl, na sifichi, naipenda na nimeipendekeza kwa ndugu zangu wote. Inapunguzwa na maji, harufu yake ni ndogo na haing'ang'anii nyumbani, inafutika kwa kitambaa chenye maji kidogo bila kutoka, kwa hiyo ile sababu ya dado ya mafuta inakufa hapo hapo. Korido, jikoni, sebuleni, weka hiyo kuanzia chini mpaka juu. Bei inauma, najua. Lakini piga hesabu ya kubandua dado inayooza halafu upake upya, utaniambia.

Namba mbili ni vinyl matt ya kampuni yoyote inayojulikana, Crown hiyohiyo au Plascon, kwa vyumba vya kulala na silingi. Haing'ai kwa hiyo inaficha makosa ya skimu, ile plasta laini ya mwisho, na chumbani hakuna anayefuta ukuta kila siku. Ila chukua nyeupe au rangi iliyopoa. Ukitaka zambarau nzito au bluu ya bahari ujue pale dukani wanaingiza rangi ya kuchanganyia kwenye ndoo nyeupe, na nyingi ya hizo zina kemikali zake zinazopaa, kwa hiyo ndoo iliyoandikwa haina harufu ikitoka kwenye mashine siyo ileile tena. Hili wauzaji hawalisemi kabisa.

Namba tatu, chokaa. Msicheke, wazee wetu wa pwani walijua walichokuwa wanafanya. Chokaa haitoi mvuke wa kemikali, inaacha ukuta upumue, na ukali wake unazuia ukungu, na sisi mkoa wetu una mawe ya chokaa, Amboni kule mapango yote ni hayo. Kasoro yake inaacha unga kwenye nguo ukiegemea, na haishiki juu ya ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Kwa stoo, choo cha nje, chumba cha uani, mi naipa alama nyingi.

Milango na grili: tafuta gloss ya maji, yaani rangi inayong'aa lakini inapunguzwa na maji. Kuipata Tanga ni shughuli, agiza Dar mapema. Ukikosa, basi paka ya mafuta lakini nje, uani, milango ikiwa haijafungwa bado, iache ikauke huko ndo uilete ndani.

Emulsion za bei ya chini zipo, zinapunguzwa na maji, kama mfuko umebana zitakufaa chumbani, zinatoka zikifutwa.

Makabati ya MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, nayo yanatoa gesi ya formaldehyde kutoka kwenye gundi hiyo, na hiyo tangu 2004 imewekwa kwenye kundi la vinavyosababisha saratani, ila kabati ntaliandikia siku yake. Kwa sasa mwambie seremala azibe kingo zote zilizokatwa.

Halafu muda. Plasta iachie siku 28 ndo upake. Ukiweza panga kupaka wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua lipo, hewa kavu, madirisha wazi mchana kutwa, usipake Aprili mvua inapiga halafu ufunge nyumba. Ukimaliza usihamie kesho yake. Mama mjamzito na mtoto mchanga wawe wa mwisho kuingia.

Sasa wauzaji. Kuna duka moja Ngamiani nimemwona kijana anamimina thinner kwenye chupa za maji ya kunywa, haina lebo, haina kifuniko cha maana, inapangwa chini kwenye kaunta ambako mtoto yeyote anafika. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii ni sumu", akanijibu wateja ndo wanavyotaka. Na mafundi wengine rangi ya mafuta ikipungua wanaongezea petroli au mafuta ya taa, hapo umenunua ya bei mbaya ukapakwa petroli chumbani. Kaa na fundi wako akipaka, au nunua mwenyewe na ndoo ifunguliwe mbele yako.

Bei nazo! Ukiuliza kwa nini ndoo ileile inapishana kati ya barabara ya 4 na barabara ya 12 unaambiwa usafiri kutoka Dar, kama vile lori moja limeshusha bei mbili. Ulizeni maduka matatu, ombeni risiti, na ukikuta ndoo imekandamizwa kifuniko au tarehe imefutwa usiibebe hata akikushushia vipi.