Miezi minane na Postfix kwenye seva ya ofisi

Tulihama kwa waliokuwa wakitupokelea barua pepe kwa sababu ya barua moja ya zabuni. Aliyeituma alikuwa na uthibitisho kwamba imeondoka kwake, sisi hatukuiona, na hakuna aliyeweza kutuambia imeishia wapi. Nikaomba ruhusa tupokee barua pepe zetu wenyewe, nikachagua Postfix, programu ya seva ya barua pepe.

Ni programu huria, iliandikwa na Wietse Venema akiwa IBM na kutolewa kwa umma mwaka 1998. Husikiliza poti 25, mlango wa mtandao ambao seva hupelekeana barua, hupokea kinacholetwa na seva za wengine na kukiweka kwenye sanduku la mhusika. Kwa ajili ya kusoma barua kwenye simu na kompyuta tumeongeza Dovecot, nayo haijatusumbua.

Kuisakinisha Postfix ni dakika chache. Kilichonitoa jasho ni mstari mmoja wa faili lake la mipangilio, main.cf, unaoitwa mydestination: orodha ya majina ambayo seva inapokea barua zake. Ukiuacha ulivyo, seva inajitambua kwa jina la mashine tu. Kikoa chenyewe, kile kinachofuata alama ya @ kwenye anwani zetu, hakimo. Ijumaa jioni nilielekeza kwetu rekodi ya MX, inayowaambia wengine barua za kikoa zipelekwe seva gani, nikafungua logi, kumbukumbu ya kila seva inachofanya, na barua ya kwanza kutoka kwa mteja ikarudishwa mlangoni kwa namba 554, yaani imekataliwa. Iliniuma sana, maana jibu linaloanza na 5 ni la mwisho: seva ya mtumaji hairudi tena. Ilibidi nimpigie simu nimwombe aitume upya.

Kabla ya kugusa kingine nikaandika soft_bounce = yes. Hapo majibu ya 5 yanageuka ya 4, yaani "jaribu baadaye", na barua inabaki salama kwenye foleni ya mtumaji. Kisha nikaongeza $mydomain, yaani kikoa chetu, kwenye mydestination, nikaamuru postfix reload ili isome mipangilio upya, barua zikaanza kuingia. Ukishamaliza, rudisha soft_bounce kuwa no. Na mtu akikushauri uondoe reject_unauth_destination, kanuni inayokataa barua za watu wa nje zinazokwenda kwingine kusiko kwetu, ili 554 ikome, usikubali hata kidogo. Utakuwa umefungua njia ya barua taka za dunia nzima.

Ninachoipendea zaidi ni hiki: haimjibu mtumaji 250, "nimepokea", mpaka barua iwe imeandikwa kwenye diski. Umeme ukikatika katikati, mtumaji bado anayo nakala yake na ataileta tena. Baada ya yaliyotupata, hilo peke yake lingetosha kunishawishi.

Lawama yangu ni ukomo wa ukubwa wa barua inaokuja nao: baiti 10,240,000. Viambatisho huvimba kwa karibu theluthi vikiwa njiani, kwa hiyo hati ya MB 8 iliyopigwa skana inakataliwa. Nimepandisha ukomo huo, message_size_limit, hadi 30,720,000, na juzi zabuni nzima yenye michoro imeingia kwa mkupuo mmoja. Mstari wake wa logi, wenye saa na namba ya foleni, nimeuhifadhi.